Spana chache, chuma bora

Mwenye gari wa kipato cha kawaida anaweza kuanza kujihudumia nyumbani kwa vifaa vichache, akijua pesa yake inapaswa kwenda wapi

Fungua boneti ya Toyota IST, gari ambalo Dar es Salaam limekuwa teksi, gari la familia na gari la kwendea kazini, kisha angalia nati zake moja baada ya nyingine. Terminali za betri zimefungwa kwa nati za milimita 10. Koili za plagi zimeshikwa kwa bolti za 10. Ukiinama chini ukaitazama sampu, bolti ya kumwagia oili ni ya 14. Nati za magurudumu ni za 21. Katikati ya hapo utakutana na 8, 12, 17 na 19, na kwa servisi ya kawaida ya nyumbani umemaliza orodha.

Sasa nenda eneo la Gerezani jijini Dar es Salaam, au kama uko Nairobi pita Kirinyaga Road. Muuzaji atakufungulia sanduku la vipande 108, na akiona unasitasita atakuletea la vipande 216. "Kaka, hii seti kamili, humu hakikosekani kitu." Mnunuzi anagawanya bei kwa idadi ya vipande kichwani, anaona kila kimoja kimemjia kwa bei ya soda, na anaondoka ameridhika. Hesabu hiyo ndiyo inayotuumiza wengi. Sanduku la vipande 216 lenye soketi laini ya 10 halimsaidii mwenye gari, kwa kuwa soketi ya 10 ndiyo atakayoishika karibu kila mara anapofungua boneti.

Kuna hesabu nyingine iliyo bora. Pesa nyingi iende sehemu tatu tu: pale chuma kinapouma nati, pale uzito wa gari unapolala, na pale nguvu ya kukaza inapopimwa. Vilivyobaki vinaweza kuwa vya bei ya chini bila madhara yoyote.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Walimkemea mvivu anayetafuta kisingizio, na walikuwa na haki. Lakini ardhi humsamehe mwenye jembe butu. Nati haimsamehe mwenye spana iliyopwaya.

Nati inavyoharibika

Kichwa cha nati kina pande sita bapa na kona sita. Spana inayokaa sawasawa husukuma ubapa. Iliyopwaya hujizungusha kidogo kabla ya kukamata, na inapokamata huwa imeegemea kona peke yake. Nati ikiwa imeshikwa na kutu, kona hulika kabla haijalegea, na kinachobaki ni kitu cha mviringo ambacho hakuna spana inayokishika. Hapo inakuwa kazi ya patasi na nyundo, au ya kuchomelea nati nyingine juu yake. Kwa mwenye gari hiyo ni siku nzima imepotea na malipo ambayo yangenunua spana nzuri kadhaa.

Chanzo kikubwa cha uharibifu huu ni kuchanganya vipimo. Masanduku mengi yanayouzwa mijini mwetu yamebeba vipimo vya inchi pamoja na vya milimita. Spana ya nusu inchi ina upana wa milimita 12.7, kwa hiyo huingia kwenye nati ya 12 na kuacha nafasi ya milimita 0.7. Mkononi nafasi hiyo haisikiki sana, lakini kwa nati ni kubwa. Kwa gari la Kijapani vipande vya inchi ni mzigo: umevilipia, na siku ya haraka vitakuharibia kazi.

Hata ndani ya milimita kuna tofauti inayofaa kujulikana. Bolti yenye uzi wa milimita 8 kwenye gari la Kijapani kwa kawaida huwa na kichwa cha 12, wakati ile ya gari la Kijerumani huwa na kichwa cha 13. Yenye uzi wa milimita 10 huwa na kichwa cha 14 kwa Mjapani, na 16 au 17 kwa Mjerumani. Mwenye IST, Vitz, Probox au Noah anahitaji 8, 10, 12, 14, 17, 19 na 21. Mwenye Volkswagen anahitaji 13 na 16, pamoja na funguo za vichwa vya nyota yenye ncha sita, ambazo mwenye IST anaweza kukaa miaka bila kuzigusa. Kwa hiyo orodha ya mwenzako si lazima iwe yako. Ijue kwanza injini yako.

Halafu kuna umbo la tundu la soketi. Zipo zenye pembe 6 na zipo zenye pembe 12. Za 12 huingia kirahisi kwa sababu hazihitaji kulengwa sana, lakini hushika karibu na kona. Za 6 hulalia ubapa wa nati. Kwa magari yetu, ambayo mengi yamekwisha kutembea miaka mingi nchi nyingine kabla ya kufika hapa na nati zake zimeonja kutu, chagua pembe 6.

Soketi ilibuniwa ili kupunguza vifaa

Historia inatusaidia hapa. Mwanzoni mwa karne ya 20 fundi alikuwa na mkono wake kwa kila soketi, vimeshikamana, hivyo saizi kumi zilimaanisha mikono kumi. Mwaka 1920 huko Milwaukee, Marekani, Joseph Johnson na mwenzake William Seidemann walianzisha kampuni ya Snap-on kwa wazo moja: soketi zichomoke. Mikono mitano na soketi kumi zingefanya kazi ya spana hamsini. Biashara yote ilisimama juu ya ahadi ya kumpa fundi vifaa vichache vinavyofanya mengi. Leo wazo hilohilo linauzwa kinyume chake, kwa kurundika vipande hadi sanduku likawa zito kubeba.

Turudi kwenye wazo la mwanzo. Kwa gari dogo la Kijapani, msingi ni huu: racheti moja ya tatu ya nane, yaani yenye kichwa cha kuvishia soketi cha inchi 3/8 (kichwa hicho hupimwa kwa inchi hata soketi zikiwa za milimita), soketi za 8, 10, 12, 14, 17 na 19, vipande viwili vya kurefusha mkono, kimoja kifupi na kimoja cha kama sentimita 15, na soketi ndefu ya plagi ya 16, yenye mpira au sumaku ndani ya kuishika plagi isidondoke. Plagi za injini ya IST zimezama ndani kabisa ya shimo, kwa hiyo bila kirefusho huzifikii. Ongeza mkono mrefu wa nusu inchi usio na racheti pamoja na soketi ya 21 kwa ajili ya magurudumu. Kisha spana za pande mbili, mdomo upande mmoja na ringi upande wa pili, za 8, 10, 12, 14 na 17, kwa sehemu ambazo soketi haipiti.

Ukivihesabu utaona havizidi ishirini. Vinatosha kubadilisha betri, plagi, oili na filta, pedi za breki, taa na magurudumu.

Swali la wengi ni lile sanduku dogo la vipande 46, la robo inchi, linalopatikana karibu kila duka la vifaa. Mara nyingi soketi zake huanzia milimita 4 na kuishia 14. Ni sanduku linalofaa kwa dashibodi, taa, kava za plastiki na bolti ndogo za 8 na 10. Kosa ni kulituma kazi isiyo yake. Racheti yake ni ndogo, meno yake ni membamba, na mtu akiitumia kulegeza bolti ya sampu iliyokazwa na mwenye mikono mizito, itavunjika ikiwa mkononi mwake. Linunue ukitaka, lakini uwe na mkono mkubwa zaidi pembeni.

Kagua kabla ya kulipa

Spana nyingi zimegongwa maneno "Chrome Vanadium" au kifupi chake, CR-V. Chuma hicho ni kizuri kweli kwa spana, kwa kuwa ni kigumu na bado kina unyumbufu kidogo. Lakini herufi hizo mtu yeyote anaweza kuzigonga juu ya chuma chochote, kwa hiyo zisikuhadae. Kinachoonekana kwa jicho na kusikika mkononi kinaaminika zaidi.

Njia bora niijuayo ni kwenda dukani na bolti mfukoni. Nunua kwenye duka la spea bolti mpya mbili, yenye kichwa cha 10 na yenye kichwa cha 14. Bei yake ni ndogo. Ukifika kwenye vifaa, ivishe soketi juu ya bolti na uizungushe kushoto na kulia kwa vidole. Itacheza kidogo, kwa kuwa bila nafasi hiyo isingeingia. Ikicheza sana, irudishe. Jaribu na nyingine ya dukani humohumo, maana hata sanduku moja huweza kuwa na soketi nzuri na mbaya.

Kisha ichungulie soketi kwa mbele. Tundu likae katikati, ukuta wake uwe na unene uleule pande zote. Angalia mdomo: soketi nyingi zimechongwa ukingoni ili ziingie kirahisi, na mchongo ukiwa mpana sana, soketi hushika nusu tu ya nati fupi. Pitisha kidole juu ya mng'aro. Ukiona vimalengelenge au ngozi inayobanduka, iache. Kromu inayobanduka inakata mkono kama wembe.

Racheti ipime kwa sikio na kwa mkono. Yenye meno 24 inahitaji kuzungushwa nyuzi 15 kabla ya kushika jino linalofuata; yenye meno 72 inahitaji nyuzi 5 tu. Kwenye injini iliyobanwa, tofauti hiyo huamua kama utafungua bolti au utaishia kuitazama. Igeuze uelekeo mara kadhaa, kisha ishike kichwa kwa vidole na uusukume mkono: irudi kwa wepesi, isiruke jino hata moja.

Bisibisi zina somo lake. Ile ya nyota iliyozoeleka duniani ilienezwa na Mmarekani Henry Phillips katika miaka ya 1930. Wajapani wana kiwango chao, kinachoitwa JIS, ambacho kwa kutazama haraka kinafanana nayo lakini ncha yake huzama vizuri zaidi kwenye skrubu za kwao. Ndiyo maana bisibisi ya kawaida huteleza na kuzila skrubu za magari na pikipiki za Kijapani hata kama umeshindilia kwa nguvu. Ukipata bisibisi ya JIS ya namba 2, hata ikiwa moja tu, itakuokoa mara nyingi. Baadhi ya skrubu za kiwango hicho huwa na kidoti kidogo kichwani.

Koleo linyanyue kwenye mwanga ukilifunga: meno yakutane. Lile lenye makali ya kukatia lijaribu kwenye kipande cha karatasi. Likikata karatasi kwa usafi, litakata waya.

Mtumba wenye heshima

Usipite mbele ya meza za vifaa vya mtumba bila kusimama. Spana ya zamani yenye jina la Stahlwille au Gedore la Ujerumani, Facom la Ufaransa, au KTC na Koken la Japani, hata ikiwa imefifia rangi yote, mara nyingi ni bora kuliko mpya inayong'aa isiyo na jina. Uzee wa spana hauko kwenye rangi, uko mdomoni. Tumia ile bolti yako ya mfukoni: kama mdomo haujatanuka na ringi haijapasuka, spana hiyo itakuzika na kuwatumikia wajukuu zako.

Vipo ambavyo havifai kununuliwa vikiwa vimetumika. Jeki ya oili inayovuja ni kimoja. Spana ya kupimia mkazo isiyojulikana ilitunzwaje ni kingine, kwa sababu huwezi kujua kama bado inasema kweli.

Pale gari linapolala

Hapa sina nafasi ya kubembeleza. Jeki kazi yake ni kuinua. Kazi ya kushikilia gari lililoinuliwa ni ya stendi za chuma. Seali ya jeki inaweza kuachia bila kupiga kelele, na gari dogo kama IST lina uzito wa karibu tani moja. Usiingize hata mkono chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Usiweke tofali za saruji mahali pa stendi. Tofali huonekana imara kwa sababu hubeba nyumba, lakini ukutani uzito umetawanywa juu yake yote. Chini ya gari uzito hukusanyika mahali padogo, na saruji haipindi kwanza ikakuonya. Hupasuka papo hapo. Stendi za kuchomelewa mtaani nazo huwa nzuri au mbaya kulingana na mkono wa mchomeleaji, na weldi mbaya hujulikana kwa kuchelewa. Nunua stendi mbili zilizoandikwa uzito zinaobeba, zenye nyayo pana na pini ya kuzuia. Ziweke juu ya ardhi ngumu, chini ya sehemu ambazo kitabu cha gari kimeonyesha, magurudumu yaliyobaki chini yakiwa yamewekewa vizuizi. Kabla ya kuingia, lisukume gari kwa mkono. Likitikisika juu ya stendi, lishushe uanze upya.

Nguvu inayopimwa

Kwa magari mengi madogo ya Toyota, nati za magurudumu hukazwa kwa nyutonimita 103. Namba hii si ya wasomi pekee. Ni sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 21 kwenye ncha ya mkono wa nusu mita. Sasa fikiria tunachokiona kila siku kando ya barabara: mtu wa kilo 70 anapanda juu ya mkono wa urefu huohuo na kuurukia. Hata akisimama tu bila kuruka, amekaza zaidi ya mara tatu ya inavyotakiwa. Bolti za gurudumu huvutika, nyuzi huchoka, na siku ya pancha usiku mama mwenye watoto ndani ya gari hawezi kufungua nati hata moja.

Spana ya kupimia mkazo hulimaliza tatizo hili. Unaiwekea namba, unakaza, inalia ikifika. Ya nusu inchi inayofika nyutonimita 200 hivi inatosha nyumbani. Isitumike kulegezea, na ukimaliza kazi irudishe kwenye namba yake ya chini kabisa kabla ya kuihifadhi. Bolti ya sampu nayo iangaliwe: inahitaji nguvu ndogo sana ikilinganishwa na gurudumu, na akiizidisha mtu, nyuzi za sampu zinakufa. Plagi huanzwa kwa vidole, kwa kuwa huingia kwenye alumini, na uzi wa alumini ukishapandana haurudi ulivyokuwa.

Vya bei ya chini visivyo na madhara

Beseni la kumwagia oili si lazima linunuliwe. Dumu la lita 5 likatwe ubavuni, litabeba oili yote ya IST, ambayo hata pamoja na filta haifiki lita 4. Oili hiyo chafu usiimwage mtaroni wala uani. Imimine kwenye dumu jingine lisilokatwa na uipeleke gereji inayoikusanya. Faneli, brashi ya waya, glovu, tochi ya kuvaa kichwani na kisahani cha kuwekea nati, vyote chukua vya bei nafuu. Hata kipima umeme cha dijitali cha bei ya chini kinatosha kujua hali ya betri: iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6, na injini ikiunguruma namba hupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, tatizo liko kwenye chaji, na hapo umejiepusha kununua betri mpya bure.

Fundi wako abaki fundi wako

Hakuna neno hata moja hapa la kumkimbia fundi. Gia, mnyororo wa taiming, ABS na mifuko ya hewa viache mikononi mwake. Ninachokiomba ni mwenye gari aende gereji akiwa anaelewa anacholipia. Tena sanduku la fundi mzoefu ni shule ya bure. Msalimu, mwombe akuonyeshe vifaa vyake, utazame spana zipi zimesuguliwa na mkono na zipi bado zina vumbi. Zilizosuguliwa ndizo za kununua. Anayetaka kwenda mbali zaidi, vyuo vya ufundi stadi vya VETA nchini Tanzania vinafundisha ufundi wa magari.

Haba na haba hujaza kibaba, na vifaa hivi havihitaji mshahara wa mwezi mmoja. Anza na racheti, soketi za 10, 12 na 14, na bisibisi nzuri moja. Mwezi unaofuata ongeza spana za pande mbili na soketi ya plagi. Kisha mkono mrefu na soketi ya 21, kisha spana ya kupimia mkazo. Nunua kila kifaa wakati kazi yake imefika, ukiwa na bolti mfukoni na muda wa kukagua. Mpangilio huu una kizuizi kimoja tu. Kama kazi iliyo mbele yako inahitaji gari liinuliwe, na pesa uliyonayo inatosha kitu kimoja, nunua stendi kwanza. Spana inaweza kuazimwa kwa jirani.